Nekesa Anakwenda Kuhesabu Samaki wa Wazungu

Kitale, Jumamosi alasiri

Nekesa wangu,

Nimejifungia chumbani mwako. Nimewaambia wageni waliokuja kukuaga kwamba nakwenda kunyoosha mgongo kidogo, lakini nimekalia kitanda chako nikiandika, na sanduku lako liko mbele yangu, limefura kama kuku anayeatamia. Jikoni shangazi zako wanabishana ni nani aliyetia chumvi mara ya pili kwenye mchuzi. Nje kwenye hema, baba yako anamwambia kila anayeingia, "Msichana wetu kesho anaenda Denmaki kuhesabu samaki wa wazungu." Nimejaribu kumweleza kwamba huendi kuhesabu samaki mmoja mmoja, kwamba ofisi yako inafuatilia thamani ya samaki wabichi wanaovuliwa na nchi za Ulaya, mwaka baada ya mwaka, ipande au ishuke. Ananisikiliza, anaitikia kwa kichwa, halafu mgeni mwingine akiingia anarudia yale yale. Mwache. Amefurahi.

Mambo ya sweta na soksi nzito sitayagusa. Shangazi yako Nasimiyu, ambaye hajawahi kupita Nakuru, amekwisha kukufundisha namna ya kuishi kwenye theluji. Mimi nataka kukuandikia jinsi nilivyojifunza, kwa kukosea, kile kile unachokwenda kukifanyia kazi. Sehemu yake umeisikia kwa baba yako, lakini baba yako hupenda kujiweka katikati ya hadithi. Leo isikie kwangu.

Nilikuwa na umri kama wako, nikiishi kwa wazazi wangu Sirisia. Kwetu tulikuwa watu wa mahindi na maharagwe, na kahawa kidogo. Samaki tulimwona siku ya soko tu, amekaushwa mpaka amejikunja. Kisha nikaja hapa Kitale kwenye harusi ya rafiki yangu, nikamkuta mwenye hoteli mmoja akilalamika kwamba wageni wanamwuliza samaki mbichi na yeye hajui pa kumpata. Nikamwambia, bila hata kufikiri, "Mimi nitakuletea."

Akaniangalia kuanzia viatuni. "Wewe?"

"Mimi."

Kaka zangu walicheka mpaka wakachoka. Baba yangu alikataa. Ni kukhu yako, mama yangu, aliyemkalia, akamwomba na kumwomba, mpaka akakubali niuze mtamba mmoja nipate mtaji. Siku ninaondoka, kukhu alinifuata hadi kwenye lango. "Ukipoteza hiyo ng'ombe," akaniambia, "mimi nitamwambia baba yako nini? Si ni mimi nilisema akupatie?" Hakuwa ananitisha. Alikuwa anaogopa, na nilimwona akiogopa, na hilo ndilo lililonikaa moyoni njia nzima.

Nikaenda Kisumu. Alfajiri nikanunua samaki wa ziwani, mbuta na ngege, mashavu yao yakiwa bado mekundu, macho yanang'aa utadhani wananitambua. Nikawapanga kwenye masanduku pamoja na barafu, nikakodi pikapu ya mzee mmoja aliyeapa kwamba gari lake halijawahi kumwaibisha. Lilimwaibisha Kamukuywa, pale pale sokoni, Kitale ikiwa karibu kiasi cha kunitia machozi.

"Ni nini imekatika?" nilimwuliza.

"Ni kitu ndogo tu," akanijibu kutoka chini ya gari.

"Ndogo namna gani?"

"Ndogo, lakini iko Webuye."

Akadandia lori kwenda kuifuata, mimi nikabaki na samaki. Jua lilikuwa limepanda. Nilifunika masanduku kwa magunia, nikayamwagia maji, nikakaa kwenye kivuli cha pikapu nikisikia barafu ikidondoka tone kwa tone barabarani. Mbele yangu palikuwa na kibanda cha chai cha mama mmoja aliyeitwa Mama Rosa, na kwenye benchi lake alikaa mwanamume mwenye gambuti zenye matope. Alikuwa ametoka Tongaren kuchomelewa plau yake iliyovunjika, akawa anamngoja fundi. Alikuwa ameweka kitambaa puani.

"Dada," akasema, "hiyo mzigo yako inanuka."

"Hainuki. Ni samaki. Samaki ndivyo anavyonukia."

"Mimi nimesema tu. Pole." Akanywa chai yake. Baada ya muda akarudi tena. "Si ukaange?"

"Hawa si wa kukaanga. Hawa ni wa hoteli. Ni wabichi."

"Wabichi mpaka saa ngapi?"

Nikageuka nikayamwagia magunia maji tena. Nilimwona mtu asiye na adabu, mkulima wa mahindi asiyejua kitu. Akaja mama mmoja akaniomba samaki wawili. Nikamtajia bei niliyopatana na mwenye hoteli, akacheka akaenda zake. Akaja mwingine na bei yake, bei nzuri tu kwa mahali pale, nikakataa. Nilikuwa na bei ya asubuhi kichwani na sikutaka kuishusha. Kila nilipoikumbuka, niliona samaki wa asubuhi, mashavu mekundu, macho yanang'aa. Waliokuwa ndani ya masanduku sikuwaangalia. Niliogopa kufungua.

Mwishowe Mama Rosa alitoka kibandani akijifuta mikono kwenye leso. Hakuniomba ruhusa. Akafunua sanduku, akachukua ngege wa juu, akamkandamiza tumbo kwa kidole gumba.

"Angalia," akasema.

Shimo la kidole likabaki pale pale. Halikurudi. Akaingiza mkono chini kabisa, karibu na barafu iliyosalia, akatoa mwingine, akamkandamiza. Nyama ikainuka yenyewe.

"Hawa wa chini bado wazima. Wa juu wameenda. Sasa amua, msichana. Moto wangu uko tayari."

Nililia, lakini si sana, kwa maana nafasi yenyewe haikuwepo. Yule mwanamume wa gambuti alikuwa amekwisha kusimama. Alipotea upande wa pili wa soko akarudi amebeba karai la mama wa chapati kichwani kama kofia. Mama Rosa akaleta mafuta yake ya mandazi. Mimi nikakaa chini nikaanza kupaa magamba kama mwendawazimu. Baba yako, maana umeshajua ni yeye, hakuweza kusogea karibu kwa sababu ya harufu. Akasimama mbali kidogo, akaanza kuita watu.

"Samaki ya Kisumu! Moto! Leo tu, bana!"

Sasa pale sokoni walikuwapo watu wa kwao. Mmoja akamjibu kwa sauti ya kusikika na wote, "Wafula, si ni wewe ulisema samaki ni nyoka ya maji? Wewe mwenyewe umekula?"

Watu wakaangua kicheko. Baba yako akanitazama. Mimi nikamtazama. Nikachukua ngege aliyeiva, nikamtilia kwenye kipande cha gazeti, nikampa. Nekesa, alifumba macho kama mtoto anayenyweshwa kwinini. Na kwa kuwa hakujua samaki huliwa vipi, akaanza na kichwa. Mwiba ukamkwama. Akakohoa, akatoa macho. Mama Rosa akamshindilia tonge la ugali baridi mdomoni, akampiga mgongoni, na mwiba ukashuka. Baba yako akasimama pale akitokwa na machozi, akameza mate, akasema, "Ni tamu." Kisha akaomba mwingine.

Hapo ndipo foleni ilipoanza.

Jua lilipokuwa linashuka, samaki wazima wote walikuwa wamekwisha. Waliooza tuliwazika nyuma ya kibanda. Mzee wa pikapu aliporudi na kile kitu chake kidogo, alitukuta tumekaa kwenye benchi tunanuka mafuta, tunacheka bila sababu. Faida sikupata. Lakini sehemu kubwa ya yule mtamba ilikuwa salama, na nilijua kukhu yako ataweza kumtazama babu yako machoni. Kilichoniuma ni wale wa juu. Wangeokoka wote kama ningewakaanga mara ya kwanza nilipoulizwa watakuwa wabichi mpaka saa ngapi.

Nikiwa napanda gari, baba yako akaja dirishani. "Utarudi lini na samaki?"

"Kwani sasa unapenda samaki?"

"Sipendi," akasema.

Yaliyofuata unayajua, maana wewe ndiwe uliyefuata.

Nakuandikia haya kwa sababu mambo yako kule hayatakuwa yote kama mlivyopatana kwenye simu. Labda nyumba itakuwa ndogo kuliko kwenye picha. Labda bosi atakuwa mtu wa kununa. Labda utagundua kwamba kazi uliyoipenda kwa mbali inakuchosha kwa karibu. Usikae nje ya pikapu ukitetea bei ya asubuhi. Fungua sanduku mapema uangalie. Kama kuna cha kubadilisha, kibadilishe kingali na ladha, na usione haya kunipigia uniambie umebadilisha.

Kosa langu la pili ni wewe uliyenionyesha, na hukujua kwamba unanionyesha. Ulikuwa umekuja likizo kutoka chuo. Tulikuwa mezani, mimi nachambua sukuma wiki, baba yako anatengeneza redio iliyokuwa nzima kabla hajaigusa. Ukaweka simu yako mbele yangu.

"Mama, angalia huu mstari. Hii ni thamani ya samaki ambao nchi za Ulaya zimekuwa zikivua."

Mstari ulikuwa unapanda, ukiteleza hapa na pale. Nikasema, "Wanaendelea vizuri."

"Haya, sasa angalia huu mwingine. Huu ni uzito wao."

Huo ulikuwa unashuka. Nikaweka sukuma chini. "Wanavua kidogo na wanapata pesa nyingi?"

"Kwa sababu kilo imepanda bei. Na bei ya kila kitu imepanda, Mama, si ya samaki tu. Ukiiondoa hiyo, mstari wa kwanza unalala. Haupandi hivyo."

"Na hapa palipozama ni nini?"

"Ni korona. Hoteli zilifungwa. Wale wa bei kali, kina kamba na kambakoche, wakakosa wa kuwala."

Ukanieleza pia kwamba nchi moja inaweza kushusha meli nzima ya samaki wadogo wa bei rahisi, na nyingine ikashusha visanduku vya kamba, na thamani zao zikakaribiana. Ukasema wale wa kufugwa hawamo kwenye hesabu hiyo, ni wa kuvuliwa peke yao. Ukawataja majina. Ukafika kwa mmoja mweupe, mnene, ambaye watu wa kaskazini wanampenda sana, ukasema anaitwa kod. Baba yako akainua kichwa kutoka kwenye redio.

"Anaitwa kodi?"

"Kod, Baba."

"Yaani sisi huku tunalipa kodi, na wao kule wanaila?"

Ulicheka mpaka ukashuka kwenye kiti. Na mimi nilicheka, lakini nilikuwa nimekumbuka kitu.

Ulikuwa darasa la pili au la tatu. Mwaka huo samaki walipungua ziwani, bei ikapanda, na mimi nilikuwa nauza kwa bei ambayo sikuwahi kuiota. Mkoba wangu ulikuwa mzito kila jioni. Nikapaka kibanda changu cha samaki rangi mpya ya buluu, nikachora samaki mkubwa mlangoni anayetabasamu, nikamwambia baba yako, "Biashara inakua." Sikuona kwamba nilikuwa nawapa wavuvi na wenye magari karibu kila nilichopata. Wala sikuona ni nani aliyeacha kuja. Nilikuwa na mteja, mama mmoja mwalimu mstaafu, kila Ijumaa alikuwa anachukua ngege wawili. Nikaja kugundua kwamba sijamwona tangu mvua zianze. Nikakutana naye sokoni akinunua kabichi.

"Mwalimu, ulinihama?"

Akacheka kwa haya. "Sijakuhama, mama. Samaki wako siku hizi ni wa Krismasi."

Nilisimama na kikapu changu nikaona kibanda changu cha buluu kwa macho yake. Mkoba ulikuwa mzito, watu walikuwa wachache. Wiki hiyo nikaanza kukata mbuta vipande, mtu achukue anachoweza. Nikaleta omena, wale dagaa wa ziwani wa bei nafuu. Nikaleta mgongo wazi, ile mifupa inayobaki na nyama kidogo baada ya minofu kuondolewa na kupelekwa ng'ambo, ambayo ukiichemsha na nyanya hutatamani kitu kingine. Mwalimu akarudi. Wakarudi na wengine. Mkoba haukuwa mzito tena kama ule mwaka, lakini kibanda kilikuwa na kelele, na kelele ndiyo iliyokusomesha.

Nilipokusimulia hayo siku ile mezani, ukanishika mkono wenye sukuma ukasema, "Mama, kumbe wewe ulikuwa Ulaya ndogo." Hakuna mtu aliyewahi kunisifu hivyo. Nami niliona wazi kwamba kile kilichonichukua mwaka mzima kukielewa, wewe ulikiona kwenye mistari miwili kabla chai haijapoa. Sikuona aibu. Nilijisikia kama mtu ambaye amebeba mzigo njia nzima, halafu akaja mwenye mkokoteni.

Kwa hivyo sina la kukufundisha kuhusu kazi yenyewe. Nina ombi moja tu. Mstari ukipanda na watu ofisini wakapiga makofi, wewe uliza ni nani aliyeacha kuja. Nina hakika kule nako kuna mama mwalimu fulani aliyehamia kwenye kabichi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nifunge mlango.

Barua ya kazi ilipokuja, hukuruka kwa furaha. Ulikuja kibandani ukavaa aproni, ukaanza kupaa magamba. Nilikuacha. Ulipomaliza kreti zima ukasema, "Mama, nafikiria niwaambie mwaka huu siwezi."

"Kwa nini?"

"Goti lako. Na kibanda. Nani atakusaidia na magamba?"

"Kwani kabla hujazaliwa magamba yalikuwa yanajitoa?"

"Si mchezo, Mama."

"Na mimi sichezi. Kisu hicho nilikishika kabla yako."

Ulikasirika ukaenda. Jioni ukamwuliza baba yako kama ni kweli goti linaniuma na ninaficha. Baba yako, ambaye hajui kuficha kitu, alinijia akaniuliza mbele yako. Nilisema goti ni zima, nikainuka haraka kukuonyesha, nikagonga meza. Mkaacha mambo hapo, ukatuma jibu la kukubali, lakini najua bado unadhani nimekaza meno ili uende. Hata leo asubuhi, tulipokwenda kuombewa safari yako, nilikuona ukinitazama nikipanda ngazi za kanisa.

Kwa hivyo nikuambie ukweli, kisha usiubebe tena. Goti linauma siku za mvua. Shangazi yako Nasimiyu anaanza kuja kibandani Jumatatu. Ana mdomo mrefu lakini mikono yake ni miepesi, na wateja watacheka. Baba yako atakuwa ananibebea kreti, kwa kitambaa puani, kama alivyofanya miaka yote. Mimi sibaki peke yangu na wala sisikitiki kwamba unaondoka.

Nakuonea wivu.

Ndiyo. Nimeuza samaki tangu kabla hujazaliwa. Nimewapaa, nimewapasua, nimewakaanga, nimewaota. Nakula kwa sababu yao, na nyumba hii imeezekwa kwa pesa yao. Lakini Nekesa, mimi sijawahi kuiona bahari. Ziwa nimeliona, na mito yetu naijua. Bahari sijaiona hata siku moja. Kila mara nilipopanga kwenda Mombasa, kulikuwa na karo, au mvua, au msiba Sirisia, na mimi mwenyewe nikawa nasema bado ipo, haiendi mahali. Haiendi, kweli. Ila mimi sikwenda.

Umeniambia ofisi yako iko karibu na bandari na kwamba boti huingia asubuhi. Basi siku ya kwanza usiende ofisini moja kwa moja. Amka mapema, jifunike vizuri, shuka hadi majini. Nipigie kwa video. Usiniambie thamani ya kitu chochote, wala usinionyeshe mistari. Igeuze simu, unionyeshe maji mpaka yanapoishia, kisha unionyeshe wale watu wakishusha samaki wao, nione wanavyowashika.

Baba yako anabisha mlango sasa. Anasema kukhu ameshuka kwenye gari kutoka Sirisia, amebeba kuku mzima na anauliza kama wataruhusu kuku kwenye ndege. Lazima nitoke kabla baba yako hajamjibu kwamba wataruhusu.

Piga saa yoyote utakayofika hapo majini. Hata kama ni saa ya soko, hata kama kibanda kimejaa na nina kisu mkononi. Nitawaambia wateja wasubiri, naangalia bahari.

Mama yako anayekupenda,
Mama Nekesa